Maji ya Kusuuzia Pampu

Barua yangu kwa chifu ilikuwa na saini thelathini na moja, na ya kwanza ilikuwa yangu. Niliiandika kwa mkono, kwa mwandiko ule ule uliowafunza watoto wa watu kusoma mpaka nikastaafu, na sikumtuma mtu kuipeleka, niliipeleka mwenyewe. Ilisema kwamba mzee anayeosha malori pale darajani ameua samaki wa kijito chetu, na kwamba aondolewe. Haikuwa na neno "labda" hata mahali pamoja. Mimi si mtu wa labda.

Kijito hicho kinatoka kwenye kinamasi kilicho juu ya mashamba yetu, ng'ambo ya Kimumu, kinapita nyuma ya boma langu, kinapita chini ya daraja la barabara, kisha kinakwenda kujiunga na mto wa mjini. Ni kidogo. Mtu mwenye miguu mirefu anakiruka bila kulowa. Lakini nilipoolewa hapa kilikuwa na samaki wadogo wa urefu wa kidole, vyura wasiojua kunyamaza, na kaa wa rangi ya matope ambao mama mkwe wangu aliwachukia kwa sababu walimfinya vidole kila alipoosha vibuyu vya maziwa. Aliwatukana kwa maneno ambayo kanisani hangethubutu kuyataja.

Samaki hao hakuna aliyewala. Sisi watu wa huku juu ni watu wa maziwa na ugali. Samaki tulimjua ukubwani, mjini, amekaangwa na anatukodolea macho kwenye sahani. Kwa hiyo Jumapili moja, nikitoka kanisani, nilipowaona wameelea pale darajani matumbo juu, wengi, weupe, hakuna aliyesimama isipokuwa mimi. Wenzangu walipita wakizungumza habari za mahindi. Mimi niliumia. Sijui kwa nini kiumbe ambacho hujawahi kukila wala kukifuga kinaweza kukuuma hivyo, lakini nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikainua macho nikaona lori la kubebea ng'ombe, mapovu ya sabuni, na maji meusi yakiteremka ukingoni. Kesi ikaishia hapo hapo. Mshtaki mimi, shahidi mimi, hakimu mimi.

Mzee mwenyewe alitoka upande wa Garissa miaka mingi iliyopita, akiwa dereva kwanza, kisha mwosha malori. Alikuwa na wanaume sita waliofanya kazi chini yake, mipira mirefu ya maji, na ndevu zilizopakwa hina. Aliposikia habari ya barua alikuja kwangu, akasimama langoni, akavua kofia.

"Mama Mwalimu," akasema, "nimesikia mambo. Mimi naosha gari hapa siku mingi. Hao samaki walikuwa wanakuja mpaka kwa miguu yangu. Hata mimi sijui wamekufa aje."

"Utamweleza chifu," nikamjibu, na lango sikulifungua. Kwetu hata mtu aliyekuja kukuudhi hupewa kikombe cha chai. Mimi nilimwacha mzee wa watu amesimama juani, nikarudi ndani kukoroga chai yangu peke yangu. Bado naona haya.

Chifu alitangaza kwamba jambo hilo litaamuliwa kwenye baraza baada ya majuma mawili. Watu wakikubaliana na barua, mzee atahama, na wale wanaume sita watajua wenyewe pa kwenda. Nami nilitaka kushinda kabisa, si nusu nusu, nikaamua kutafuta ushahidi wa kitaalamu. Mwalimu mwenzangu wa zamani akaniambia kuna mtafiti wa chuo kikuu anayepima vijito bila mashine yoyote. Nikampigia simu. Akaja Jumatano asubuhi kwa pikipiki, mwanamke wa makamo, amevaa gamboti za kijani na kubeba wavu wenye mpini wa jembe na sinia jeupe la plastiki.

"Maabara yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii," akasema, akiliinua sinia. "Mwalimu, ukichota maji leo, yatakuambia habari ya leo tu. Sumu ikipita Jumamosi, Jumatano huipati. Lakini wadudu wanaokaa chini ya mawe wako hapo mwaka mzima. Hao ndio wameona kila kitu."

Kazi yake ilikuwa rahisi kuitazama. Alisimama majini, akavuruga mawe kwa kisigino, na wavu ukawa chini ya mkondo kupokea kinachosombwa. Kisha alimwaga kila kitu kwenye sinia lenye maji kidogo, akaanza kutambua nani yupo na nani hayupo. Kila aina ya mdudu ina alama zake. Wale wasiovumilia uchafu wana alama za juu. Wale wanaoweza kuishi hata kwenye mtaro wa choo wana alama za chini. Unajumlisha, unagawanya, unajua hali ya mto. Nilielewa mara moja. Ulikuwa mtihani, na mitihani naijua.

Nilitaka tuanzie darajani. Alikataa, akasema tuanze juu kabisa, tushuke nacho.

Kule juu, karibu na kinamasi, sinia lilichemka. Palikuwa na wadudu wembamba wenye mikia mitatu wakikimbia huku na huku, mabuu ya kerengende yenye sura ya watu wenye madeni, viluwiluwi, na kaa mmoja mdogo kama ukucha wa kidole gumba aliyeniinulia magando yake yote mawili. Palikuwa pia na kidudu kilichojijengea nyumba ya chembe za mchanga na kutembea nayo. Mtafiti alinionyesha kichwa chake kikichungulia mlangoni. Nilikuwa nimeishi kando ya kijito hicho maisha yangu yote ya ndoa na sikujua kwamba kina mafundi wa nyumba. Alama zilikuwa za kupelekwa shule ya kitaifa.

Mahali pa pili palikuwa nyuma ya boma langu, bado mbali na daraja. Nikamwambia pale hakuna haja, tutapoteza wakati. Akaingia majini. Sinia likaleta matope, vinyoo vyekundu, na ruba mmoja aliyejinyoosha polepole kama anayeamka usingizini. Akarudia. Akarudia tena mara ya tatu, na mara hii nilikuwa nimeinama juu ya sinia nikitafuta mwenyewe, hata mwenye mkia mmoja tu. Hapakuwa na kitu. Tuliposhuka chini ya daraja tukapata wale wale vinyoo vyekundu, na juu yao utando mwembamba wa mafuta.

"Lori haliwezi kupanda maji, Mwalimu," akasema. "Mafuta ni shida, ndio. Lakini kitu kilichoua kiko kati ya kule juu na hapa kwako. Kuna nini kwa ule ukingo?"

Nilijua kuna nini. Kuna krashi. Krashi ni safu mbili za nguzo, ng'ombe akipita katikati hawezi kugeuka, nawe unampulizia dawa ya kupe ametulia. Marehemu mume wangu aliijenga mwaka ambao josho la umma lilikufa, na aliiweka karibu na kijito kwa sababu pampu zinahitaji maji. Kila Jumamosi majirani huleta ng'ombe wao. Na pampu zote hupita mikononi mwangu, maana mimi ni mtu wa usafi na kila mtu analijua hilo. Afisa wa mifugo alitufundisha kusuuza pampu mara tatu ili sumu isibaki ndani ikamdhuru mtu. Majirani wavivu walisuuza mara moja, wakamwaga kwenye nyasi, wakaenda zao. Mwanzoni mwa mwaka huo wa barua niliwagombeza mpaka wakaacha. Nikazikusanya pampu zote, nikazisuuza mara tatu, moja baada ya nyingine, kwenye maji yanayotembea, ili uchafu uende. Sikuwahi kujiuliza unaenda wapi.

"Hiyo ni dawa ya kupe," nikamwambia mtafiti, na sauti yangu ilikuwa imepanda. "Imeandikwa kwa chupa. Si ya samaki!"

"Kupe na kaa ni ukoo mmoja, Mwalimu. Hiyo dawa haiulizi jina. Na samaki haimwachi."

Nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki yake kwa adabu, kisha nikamchukia mchana kutwa. Nikamwona ni mwanamke wa vitabu, hajawahi kupoteza ng'ombe kwa ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, hajui lolote. Nyani haoni kundule. Methali hiyo nimewafundisha watoto wasio na hesabu, nimewatungia maswali yake, nimewawekea alama, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitaketi upande wa nyani.

Lakini mwalimu ni mwalimu, na jambo nisiloliamini hulijaribu. Jumamosi iliyofuata, kabla ya ng'ombe kuja, nilipanda juu na makarai mawili, nikakamata wadudu na viluwiluwi kutoka kule kwenye kinamasi, nikawagawa. Tulipomaliza kupuliza nilisuuza pampu moja mara tatu ndani ya ndoo, si kijitoni. Maji ya mara ya tatu yalikuwa meupe kama ya chemchemi. Hata harufu hayakuwa nayo. Nikayachota kwa kikombe kimoja tu, nikayamimina kwenye karai moja. Karai la pili sikuligusa. Nikaketi kwenye kigoda katikati yao.

Wenye mikia mitatu walianza kutetemeka kabla sijamaliza kufunga kofia ya pampu. Kisha wakajikunja. Kisha viluwiluwi wakaanza kuzunguka upande mmoja tu, wakazunguka, wakalala ubavu. Kwenye karai la pili wenzao walikuwa wanaogelea kama kawaida. Nililia pale kwenye kigoda changu, mtu mzima, huku shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akiniuliza kutoka upande wa pili wa krashi kama nimeingiwa na dawa machoni. Nikamwambia ndiyo. Pampu za siku hiyo nilizifungia kwenye stoo zikiwa hazijasuuzwa.

Baraza lilikuwa Jumanne. Ningeweza kunyamaza, na nisiseme uongo: nililifikiria hilo. Mtafiti hangekuwepo. Barua ingejisomea yenyewe, mzee angehama, samaki wangeendelea kufa, na kila mtu angesema angalau Mwalimu alijaribu. Nililifikiria kutoka nyumbani hadi kwenye ofisi ya chifu, na nilipofika nikamwona mzee ameketi safu ya nyuma na wanaume wake sita, wote wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Pasi zile zilinimaliza.

Chifu alisoma barua kwa sauti. Maneno yangu makali yalinirudia moja moja. Alipouliza kama mwenye barua ana la kuongeza, nilisimama.

"Barua hii niliiandika mimi, na ina kosa," nikasema. "Nimemshtaki mzee huyu kwa jambo nililolifanya mwenyewe. Samaki wameuawa na dawa ya krashi, na anayesuuza pampu za krashi ni mimi. Naomba jina langu lifutwe hapo, na wote walioweka saini kwa kuniamini mimi wafute yao."

Nikawaeleza habari ya makarai. Kisha shemeji akasimama. Yeye ndiye anayepanga foleni ya ng'ombe kila Jumamosi.

"Sasa Mwalimu unataka tufanye nini? Tuache kupulizia? Ng'ombe ikufe na ndigana ndio samaki ifurahi? Na sisi watu ya huku hatukulangi samaki!"

Watu wakacheka, nami sikuwalaumu. Nimezika ng'ombe wawili kwa ndigana. Najua wanavyokufa wakihema kama waliokimbia.

"Hata punda hatumli, shemeji," nikamjibu. "Lakini hakuna mtu hapa ambaye angeniacha nimwage dawa kwa kinywa cha punda wake."

Kisha nikawaambia nilichokuja nacho, maana sikwenda kuomba huruma. Jumapili nilikuwa nimempigia mtafiti, nikameza kiburi changu, nikamuuliza watu wengine hufanya nini. Krashi ihamishwe juu ya mteremko, karibu na ghala langu la mahindi, mbali na maji. Kando yake tuchimbe shimo, tulitandike karatasi nene ya nailoni, tulijaze udongo uliochanganywa na mabua yaliyokatwakatwa na samadi. Pampu zisuuziwe hapo, mara tatu kama kawaida. Vijidudu vinavyoozesha mabua huivunja na dawa pia, polepole, mpaka inaisha nguvu. Mabua tunayachoma bure kila mwaka, samadi tunaikanyaga. Na kila mwezi kikundi chetu cha akina mama kitaingia kijitoni na wavu, kitakisahihisha, na alama zitabandikwa kwenye ubao wa chifu, ili atakayeaibika aaibike hadharani kama mimi. Alama hizo tunazibandika hadi leo, na si zote za kujivunia. Kule nyuma ya boma langu bado tunapanda na kushuka, ingawa wenye nyumba za mchanga wameanza kuonekana. Chini ya daraja mwendo ni wa kinyonga.

"Krashi ni ya ndugu yangu," shemeji akasema. "Alijenga yeye. Haing'olewi."

Hapo alinipata. Nguzo zile ni za mwerezi. Mume wangu alizileta kutoka upande wa Ainabkoi, akazichonga mwenyewe, na ile ya mlangoni imelainika pale alipozoea kuegemeza mkono. Kuna siku naishika tu bila sababu. Nilimtazama shemeji na nikaona kwamba anaishika pia.

"Ndugu yako aliijenga pale kwa sababu hakujua," nikasema. "Mimi najua."

Chifu akaomba mikono. Iliyoinuka ilikuwa zaidi ya nusu. Wa shemeji haukuinuka, na mzee wa malori, ambaye hana ng'ombe, hakuinua wake ila alikuwa ananitazama.

Sikusubiri mtu. Alhamisi asubuhi nilichukua sururu nikaanza kuchimba kuzunguka nguzo ya mlangoni. Marehemu hakuwa mtu wa kazi nyepesi. Nguzo ilikuwa imezikwa hadi kifuani. Kufikia saa nne nilikuwa nimeng'oa ngozi ya viganja na nguzo ilikuwa imeinama kidogo tu, kama mtu anayesikiliza. Shemeji alipita, akatazama, akaenda zake. Nikaendelea. Nilikuwa nimeapa kwamba Jumamosi hakuna ng'ombe atakayesimama pale.

Kisha nikasikia lori likirudi nyuma kwenye njia ya boma langu, lile kubwa la kubebea ng'ombe, likipiga honi kwa tahadhari. Mzee akashuka na wanaume wake wawili na mnyororo mrefu.

Nikaweka sururu chini. "Mzee, nimekukosea," nikasema. "Si mbele ya baraza tu. Hata pale kwa lango langu."

"Nilisikia, Mama. Watu wote walisikia." Akapiga goti, akaufunga mnyororo kwenye nguzo, chini kabisa, akaukagua mara mbili kabla ya kumwashiria dereva. "Simama kando. Ikikatika hii inaua mtu."

Nguzo zilitoka moja moja, na lori likazikokota mpaka juu. Tulipofika na ya nne tukamkuta shemeji amevua koti na anachimba mashimo mapya kwa jembe lake. Hakunisalimu. Alichosema ni kwamba alama nilizozipiga chini zimeenda upande, na kwamba ndugu yake asingekubali krashi iliyopinda. Nikamwambia azipige yeye. Akazipiga yeye.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipoisimamisha ya mwisho na kuishindilia mawe. Mzee alikuwa anaukunja mnyororo wake, mkunjo baada ya mkunjo, lakini macho yalikuwa kule chini darajani.

"Mwalimu," akasema, "huo wavu wenu. Mkishamaliza kupima hapa, mje mpime kwangu pia."

"Kwako?"

"Oili inaingia kwa maji. Naijua hiyo, tena siku mingi. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unataka nitolewe. Mtu anafukuzwa, atakuonyesha aje makosa yake?"

Nilikuwa nimemshtaki kwa kosa lisilo lake kwa nguvu zangu zote, na kwa nguvu hizo hizo nikamfunga mdomo juu ya lile lililo lake. Nikajipangusa udongo kwenye leso.

"Una sururu?" nikamuuliza.

"Mbili."

"Basi kesho saa moja na nusu niko hapo darajani, tuanze kuchimba shimo la oili yako. Nitakuja na mabua."